Matundu Manane Niliyoyaziba

Mimi ndiye niliyeziba matundu. Mimi ndiye pia niliyetoa plastiki. Kwa miaka mingi nilisema ni kaka yangu, na nilisema kwa sentensi nzuri zilizopangwa, kama mtu aliyesoma chuo kikuu. Kaka yangu alikuwa fundi wa mbao aliyeacha shule mapema. Kati yetu sisi wawili, ilionekana wazi nani wa kuaminiwa.

Naanza na nyumba, kwa sababu kosa langu lilikaa chini yake.

Ilikuwa nyumba ya mbao huko Bulengera, mtaa wa Butembo, iliyojengwa na mzungu mmoja wa kahawa kabla ya uhuru. Baba aliipata ikiwa imechoka tayari. Haikukaa juu ya udongo kama nyumba za jirani. Ilisimama juu ya nguzo fupi za mawe, ukuta mfupi ukizizunguka, na kati ya ardhi na sakafu palikuwa na uvungu ambao mtu mzima huingia kwa tumbo tu. Butembo ni mji wa baridi na ukungu, ardhi yake hukauka usoni tu. Unyevu hupanda mchana kutwa na kushika boriti zinazobeba sakafu, na boriti inayokunywa maji bila kupata upepo huoza kuanzia ndani huku nje ikionekana nzima. Kwa hiyo mzungu aliacha matundu manane ukutani, mawili kila upande, upepo upite. Na kwa hiyo baba, kila mwezi wa saba mvua zikipungua, alitushusha uvunguni na plastiki nzito nyeusi.

Plastiki hiyo hutandikwa juu ya udongo, si juu ya sakafu. Kipande kimoja kinalalia kingine kwa urefu wa mkono, kingo zinapandishwa kidogo ukutani, halafu mawe yanawekwa ili isikunjike. Jasho la ardhi linabaki chini yake. Kaka alitangulia, mimi nilifuata nikisukuma mawe kwa kidevu, na mama alikaa nje kwenye tundu akipokea plastiki iliyochanika, ambayo aliiosha na kuanikia maharagwe. Baba alipofariki kaka aliendelea. Alikuwa akigonga kila boriti kwa kifundo cha kidole na kusikiliza.

“Hii inalia muzuri,” aliniambia, akinitania kwa cheo cha wenye digrii. “Sikia, Madame Gradué. Kule kwenu banafundisha hii?”

Walitufundisha mengine. Nilikuwa nimerudi nyumbani kwa sababu chuo kilifungwa vita ya kwanza ilipotukaribia, nikiwa na maneno mengi na bila kazi.

Kisha wakaja wanajeshi wa serikali ya zamani, wakikimbia. Mjini watu walikuwa wakisema kwamba jeshi linalokimbia ni baya kuliko linalokuja, na adhuhuri moja tulipata kulijua hilo. Tulisikia mlango wa jirani ukivunjwa kwa mateke, halafu jirani mwenyewe akilia, halafu hakulia tena. Kaka aliinua mbao mbili za chumba cha mama, tukashuka uvunguni sote watatu, akazirudisha juu yetu.

Tulilala juu ya plastiki. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amewaza kwamba plastiki inasema. Kila tulipovuta pumzi ilitatarika kama mahindi kwenye kikaango.

Waliingia wawili. Tulisikia sahani, kabati, kitanda kikiburutwa. Halafu viatu vilisimama juu ya vichwa vyetu.

“Kuko kitu chini.”

“Ni panya.”

“Panya ya namna gani? Panya ya kilo makumi sita?”

Walicheka, wakafyatua risasi sakafuni. Ya kwanza iliingia udongoni karibu na sikio langu, nikameza vumbi. Ya pili ilipasua sketi ya mama. Ya tatu ilikata vidole viwili vya mkono wa kushoto wa kaka. Hakulia. Aliuma plastiki, na damu yake ikatiririka juu yake bila kunywewa na ardhi, ikafika kifuani pangu ikiwa bado na joto. Mmoja wao alitoka nje na kuinama. Niliona jicho lake kwenye tundu, mwanga nyuma yake, likitutafuta gizani. Halafu bunduki zikalia barabarani, wakakimbia na redio yetu na godoro la mama.

Kaka alipelekwa Beni kutibiwa mkono. Mama alikuwa shambani kutwa. Nilibaki na nyumba na akili yangu. Nikafikiri hivi: plastiki ilitutangaza, tundu lilitaka kutuonyesha, basi viondoke vyote viwili. Nilitambaa uvunguni, nikavuta plastiki yote nje, nikaiosha damu na kuwapa watu waliokimbia kutoka Kasugho, waliokuwa wakilala uwanjani pa parokia. Walinibariki. Kisha nikaziba matundu manane kwa mawe na udongo, nikapaka chokaa juu. Nilijisifu sana. Ukuta ulikuwa laini kabisa, ungedhani nyumba haina uvungu.

Mama aliporudi na kuuliza, niliogopa atanicheka na usomi wangu. Nikasema, nikimwita kaka yaya kama siku zote, “Yaya ndiye aliagiza, na plastiki ameibeba Beni.” Kaka aliporudi na kuuliza, niliogopa hasira yake. Nikasema, “Ni mama ndiye alitaka.” Nilijua hawataulizana. Kwetu mtoto wa kiume hamhoji mama yake juu ya nyumba ya mama, na mama yangu hakuwahi kumhoji fundi juu ya mbao. Niliweka uongo wangu katikati ya heshima zao mbili, na hapo ukakaa salama.

Vita ya pili ilipokuwa imezoeleka, nyumba ilikuwa inanuka uyoga. Milango ilivimba. Godoro jipya la mama lilitoka madoa ya kijani upande wa chini. Kaka aligonga sakafu kwa kisigino, akaniita leki, mdogo wake.

“Leki, hapana inalia tena. Imekufa. Wewe uko unasikilizana na mama, umwambie tufungue matundu.”

“Nitamwambia.”

Sikumwambia. Kila juma nilipanga namna ya kuanza, na kila juma nilipata sababu nzuri ya kungoja.

Jumapili moja, baada ya misa ya kwanza, walikuja watu wanne wenye silaha. Sitasema wa kundi gani, maana wakati ule hata wenyewe walibadilisha jina kila msimu. Hatukupata muda wa kushuka popote. Walimpiga kaka kwa vitako vya bunduki wakitaka aonyeshe silaha ambazo hakuwa nazo. Walimpasua nyusi. Walimpiga mbavuni mpaka sauti ikabadilika, kutoka nyama kuwa mfupa. Mmoja wao, mnene kuliko wenzake, alirudi hatua mbili nyuma apate nguvu ya kupiga teke.

Sakafu ilimmeza. Haikupiga kelele kubwa, ilitoa mlio wa mkate uliolowana. Aliingia mpaka kwapani, bunduki yake ikagonga ukingo wa mbao na kufyatuka chini ya taya lake. Alibaki amesimama hivyo, nusu mtu, mikono juu ya sakafu kama mtu anayetaka kupanda kutoka mtoni, na nusu ya uso wake ilikuwa kwenye picha ya Bikira Maria ukutani.

“Mulitega soda yetu, askari yetu!” mkubwa wao alipiga kelele. “Nani alitengeneza hii mutego? Nani?”

“Hapana mutego, papa,” mama alisema akiwa magotini. “Nyumba ni ya zamani.”

Alimwekea mama mdomo wa bunduki kwenye paji la uso.

“Nahesabu. Nani?”

Ningeweza kusema ni unyevu. Ndiyo jibu la kweli, na ndilo jibu ambalo hakuna mwenye bunduki angelipokea. Ningeweza kusema ni mimi. Nilisema, “Ni yeye. Ndiye fundi wa nyumba.”

Kaka aliniangalia kwa jicho moja lililobaki wazi. Walitoa nyundo kwenye sanduku lake mwenyewe la kazi, wakaweka mkono wake wa kulia juu ya kizingiti, wakauvunja katika sehemu mbili. Kisha wakamfunga viwiko nyuma na kumburuta. Mama aliwafuata mpaka barabarani, wakampiga jiwe mdomoni.

Walimweka Beni, ndani ya shimo lililochimbwa ardhini na kufunikwa magogo, ambamo mvua iliingia na watu walisimama majini. Alitoka kundi lile lilipofukuzwa na jingine. Alibaki Mulekera, mtaa wa Beni, mkono umepinda, vidole vinane, akitengeneza milango na majeneza, hasa majeneza. Hakurudi Butembo.

Mama hakuelewa. Kwa maarifa aliyokuwa nayo, mwanawe ndiye aliyebeba plastiki, akazibisha matundu, akaiacha nyumba ya baba yake ioze, na sasa hata salamu haleti. “Akuye aniombe musamaha,” alisema. Hakujua kuandika, hivyo barua zake niliziandika mimi. Nilizirekebisha hata sarufi. Kule Mulekera, kaka alisoma kwa mwandiko wangu kwamba mama aliyezibisha matundu anamtaka yeye aombe msamaha, naye akanyamaza. Ni mimi tu niliyejua kwa nini hawasikilizani, na mimi ndiye niliyekuwa mpeleka habari.

Mama alianza kukohoa. Alikuwa amebaki kwenye chumba kimoja kilichokuwa na sakafu, na kuvu lilikuwa limepanda ukutani mpaka kwenye dirisha. Daktari alisema ahamishwe au nyumba itengenezwe. Nilileta fundi mwingine, mama akamfukuza langoni.

“Nyumba ya papa yenu hapana itaguswa na mutu ingine. Iko na mutoto fundi.”

“Lakini, mama, hataki kuja.”

“Basi nitafia humu.”

Alisema hivyo bila machozi, akatema kitu cha kijani kwenye kitambaa. Nikajua kwamba mara hii kunyamaza kwangu kutaua mtu.

Simu za mkono zilikuwa zimefika mjini karibuni, na mtandao ulishika juu ya kilima tu. Nilimpandisha mama nyuma ya pikipiki asubuhi, nikamkalisha juu ya nyasi, nikapiga namba ya duka lililo jirani na karakana ya kaka. Walikwenda kumwita.

“Allo? Nani?”

“Ni miye, yaya.”

“Ah, Madame Gradué. Mama alikufa?”

“Hapana. Iko hapa, anasikia.” Nikasema yote, haraka, kabla sijapata maneno mazuri. “Matundu, niliziba miye. Plastiki, nilitoa miye. Kwa mama nilisema ni weye. Kwako nilisema ni mama.”

Nilisikia msumeno wa mtu nyuma yake, ukaenda na kurudi mara nyingi.

“Donc, ni kusema, si mama,” alisema.

“Si mama.”

“Nilisimama mu ile maji, nikasema, ni mama yangu, hapana nitamuuliza.”

Mama alinyoosha mkono. Nilimpa simu. Alimwita kwa neno moja tu, “Kuya,” akasikiliza muda mrefu, akitikisa kichwa kama vile kaka anamwona. Kisha akanirudishia bila kuniangalia.

“Leki.”

“Yaya.”

“Siku ya kwanza ya juma nitakuya. Boriti zote nitatoa, nitaweka mupya. Kazi itabeba miezi, na nyuma ya pale nitabakia na mama.” Alikohoa. “Weye utafute fasi ingine ya kuishi. Hapana ya miezi. Ya kuishi.”

“Nilikuwa nataka kusema pole.”

“Nimesikia. Nikifika, nisikukute mule.”

“Ndiyo, yaya,” nilisema, lakini alikuwa amekwisha kukata.