Nisomee Yule wa Kwanza

Kazi yangu siku hizi ni kujibu swali moja. Mashine inaniwekea watu wawili kwenye kioo, mmoja kushoto, mwingine kulia, kisha inauliza kama ni mtu mmoja. Ndiyo au hapana. Nikibonyeza wanaondoka, wanakuja wengine. Wanangu wakiulizwa baba yao anafanya kazi gani, husema anacheza na kompyuta, na mama yao hawakatazi.

Zamani nilikuwa mtunza hati wa Kabambare: mwenye funguo, mwenye kabati, mwenye ugomvi usiokwisha na mchwa. Vitabu vyote vya kuandikisha watoto vilikuwa mikononi mwangu. Ulipokuja mradi wa kuviingiza kwenye mashine, wakubwa waliamua kazi ifanyike Kasongo, kwenye umeme wa jua wa kutosha. Tulivifunga ndani ya maturubai, tukavipakia kwenye pikipiki, nami nikapanda ya mwisho huku nimekumbatia kitabu cha zamani kuliko vyote. Penye matope nilishuka nikatembea nacho. Sikukubali kumpa mtu, na dereva alinicheka njia nzima.

"Papa, ile kitabu ni bibi yako?"

Nisiidhulumu mashine. Inasoma kuliko mimi. Wino uliofifia, ukurasa ulionyeshewa, mwandiko wa makarani walionitangulia, yote inayameza na kuyatoa safi. Pembeni ya jina huweka picha ya ukurasa wenyewe, na mara nyingine namtambua karani kwa mkia wa herufi zake. Yuko mmoja aliyenifundisha kazi, tukamzika kitambo. Mwandiko wake ukitokea nageuka nyuma, maana nahisi amesimama pale akinisahihisha. Naogopa, sioni haya kusema. Nusu ya watu wanaopita mbele yangu kutwa nzima ni marehemu.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo mashine haikufundishwa. Kwetu jina haliachwi lilale. Mtoto akifa, anayemfuata mara nyingi hupewa jina lile lile, lote. Babu akifa, mjukuu anayezaliwa ndiye babu, na nimewaona vikongwe wakimwita mtoto mchanga "bwana yangu" na kumgombeza kwa nini aliwaacha. Mimi mwenyewe nina jina la kaka yangu aliyekufa kabla sijazaliwa. Mama akiniita, nikaitika, alikuwa anangoja kidogo bado, kana kwamba kuna mwingine hajafika. Nimekua na kimya kile masikioni.

Sasa mashine ikikuta jina moja, baba mmoja, mama mmoja, kijiji kimoja, inaona karani alikosea mwaka. Ikiwa na shaka inaniuliza. Isipokuwa na shaka haimuulizi mtu, inawaunganisha wawili wale na kubaki na wa mwisho. Asiyekuwepo na lake halipo, wanasema watu, nayo imeufanya msemo huo kuwa sheria.

Ndivyo alivyopotea mtoto wa mama mmoja wa kijiji cha Lusangi.

Mama huyu ni mkulima, hajui kusoma. Mtoto wake wa kwanza alikufa njiani watu wakikimbia vita, akazikwa upesi upesi, na pori likafunga. Hakuna kaburi, hakuna picha. Kilichobaki ni ule ukurasa wa Kabambare alioandikiwa alipozaliwa. Basi kila aliposhuka kuuza mawese alipita ofisini kwangu, akavua viatu mlangoni ingawa sikuwahi kumwambia avue, akaketi.

"Papa, unisomee mutoto."

Nilikuwa nafungua kitabu na kumsomea kwa sauti, nikikigeuza kile Kifaransa cha serikali kuwa Kiswahili: mtoto wa kiume, amezaliwa Lusangi, alfajiri, baba mkulima, mama mkulima, wote wawili wako hai. Alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akaenda zake. Hakuna mkubwa aliyewahi kuniambia kwamba hiyo ni kazi yangu. Nilidhani ni hisani tu.

Vitabu vilipohama, alivifuata. Alifika Kasongo ana matope mpaka magotini, akavua viatu mlangoni mwa chumba cha mashine. Niliandika jina, akatokea mmoja, nikaanza kusoma kwa furaha ya kumwona. Nilipofika kwenye "saa sita mchana" alininyooshea kiganja.

"Apana, Papa. Ule wa muchana ni mudogo yake. Iko kwetu, iko analima. Unisomee ule wa kwanza."

Nilitafuta kila mahali. Kitabu chenyewe kilikuwa kimekwisha kupigwa picha, kikafungwa kwenye kasha na kupelekwa Kindu, makao makuu ya mkoa. Nilimwita fundi wa mashine, mwanamke mpole ambaye hajawahi kunidharau. Alitazama, akaelewa, akasema neno lililonipa moyo: mtoto hajafutwa, amefunikwa. Mama aape mbele ya mashahidi kwamba wa kwanza alikufa, tuandike hati ya kifo, na papo hapo mashine itajua ni wawili.

Nikamwambia mama kwa upole niliokuwa nao.

"Mama, inafaa useme kwamba alikufa. Tukiisha kuandika, atarudi."

Alinisogelea.

"Papa, mu kitabu yako, alikuwa amekufa?"

"Hapana, Mama. Alikuwa amezaliwa tu."

"Njo vile. Mu pori alikufa. Ku nyumba alikufa. Mu kitabu tu njo hakukufa. Na weye unataka nimuuwe pale pia?"

 Mimi nilipandwa na hasira, na sikujua ni juu ya nani: mashine, vita, au mimi niliyemsomea miaka yote nisielewe alichokuwa anakuja kusikia. Niligeuza kiti, nikakipa kioo mgongo, nikamsomea bila kitabu. Mtoto wa kiume, amezaliwa Lusangi, alfajiri, baba mkulima, mama mkulima, wote wawili wako hai. Alifumba macho kama zamani. Nilipomaliza hakushukuru.

"Na weye ukikufa, Papa, nani atanisomea?"

"Mungu anajua, Mama," nilisema, nikaona aibu, kwa sababu hilo ndilo jibu la mtu asiye na jibu.

Alipoondoka, fundi alinionyesha mlango mdogo. Naweza kuwatenganisha kwa mkono wangu bila hati yoyote, ila haidumu, maana kila usiku mashine inajifanyia usafi, na isipoona kifo inawaunganisha tena. Tangu hapo, kila asubuhi kabla sijanywa chai, naliandika jina lile. Wa alfajiri kushoto, wa mchana kulia. Ni mtu mmoja? Hapana. Mashine inakubali bila kinyongo. Mama akija anamkuta mwanawe, nami namsomea kwenye kioo pamoja na picha ya ukurasa, naye haulizi zaidi. Jina langu mwenyewe sijathubutu kuliandika.

Juma lililopita malaria ilinilaza. Mke wangu aliniletea uji, akaniita mara mbili, nami sikuitika mara ya kwanza. Nilikuwa natetemeka chini ya blanketi nikimfikiria mtoto wa alfajiri, ambaye siku ile nzima alikuwa ndani ya mdogo wake, na hakukuwa na mtu wa kumtoa.