Mizunguko Sita

Delbert Kroeger alikuwa fundi umeme kwa miaka kumi na tisa katika kituo kimoja cha nyuklia kando ya mto, huko Illinois, na katika miaka hiyo aliandika uongo mmoja tu. Aliuandika mara nyingi, kwa mwandiko safi, na kila mara akatia sahihi chini yake. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Delbert ilikuwa ndefu, tena ilikilinda kituo, na ndiyo maana ilimmaliza.

Kazi yake ilikuwa valvu kubwa zinazofunguliwa kwa mota. Valvu ikishafungwa hung'ang'ania mahali pake kama kifuniko cha chupa ya achari, na mota ikitaka kuifungua hulazimika kukaza nguvu zake zote. Sasa, kwenye mota hiyo kuna swichi ya ulinzi: ikihisi nguvu zimezidi, inakata umeme. Kwa hiyo lazima swichi ilazwe kidogo pale mwanzoni, mpaka valvu ing'oke. Ilazwe kwa kiasi gani, fundi hupima kwa kuzungusha gurudumu la mkono na kuhesabu. Mwongozo wa kituo, kitabu chenye jalada la buluu, ulisema mizunguko sita tangu valvu ilipofungwa.

Aliyeandika kitabu hicho aliandikia mezani. Hakujua kwamba gurudumu hucheza. Mizunguko minne ya kwanza huzunguka bure, na fimbo ya valvu haijasogea hata unywele. Mafundi walijua. Delbert alifundishwa na mtangulizi wake aweke kidole gumba kwenye fimbo, wala asianze kuhesabu mpaka kidole kisikie. Karakana nzima ilifanya hivyo. Halafu kwenye fomu, penye nafasi ya mizunguko tangu kufungwa, wote waliandika sita, kwa sababu ukiandika kumi fomu ilirudi na maswali, na maswali nayo yalikuwa na fomu zake.

Mwaka 1985 ikaja amri mpya: mwongozo ufuatwe neno kwa neno, na mkaguzi asimame nyuma ya fundi. Delbert akaona hatari mara moja. Akapanda ofisini kwa mhandisi wa valvu, Craig Haldane, kijana wa shati la mikono mifupi na tai, mtu mpole tu.

"Bwana Haldane, kile kitabu kina kosa. Hesabu inaanza mapema. Ukiweka sita za kitabu, swichi inaamka valvu bado imeganda. Siku tukiihitaji kweli, haifunguki."

Haldane akavuta jalada la fomu za zamani kabatini. "Haya, tuone. Valvu ya maji ya dharura, namba mbili. Kroeger, sita. Kroeger, sita. Kroeger tena, sita. Miaka kumi na moja, Del! Na juzi juzi tulipoihitaji kweli, ikafunguka vizuri. Huyu Kroeger ni nani, binamu yako?"

Alikuwa akitania. Delbert hakucheka. Kusema kweli kulimaanisha kukiri kwamba amedanganya kwenye kumbukumbu za kituo cha nyuklia, na mtu wa kosa hilo hunyang'anywa kitambulisho palepale getini. Akashuka ngazi. Hata hivyo aliandika ombi la kubadili mwongozo. Likarudi baada ya wiki tano na mstari mmoja: kumbukumbu za kazi haziungi mkono dai hili. Kumbukumbu zenyewe ni za mkono wake! Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Mwezi wa Mei akashuka kwenye valvu namba mbili, mkaguzi nyuma yake na kitabu mkononi. Kwa mazoea akaweka kidole gumba kwenye fimbo.

"Hicho kidole kimeandikwa wapi?" mkaguzi akauliza.

"Hakijaandikwa."

"Basi kitoe, mzee. Tusije tukagombana."

Akakitoa. Akahesabu sita za kitabu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake fomu yake ikasema kweli. Walipoijaribu bila shinikizo la maji la kuikaza, valvu ilifunguka, na mkaguzi akampongeza. Kiangazi hicho waliziweka valvu nyingine sita kwa namna hiyohiyo.

Jumanne moja ya Agosti, baada ya kifungua kinywa, pampu kubwa ikazima, kinu cha nyuklia kikajizima chenyewe, na maji ya dharura yakaitwa. Valvu namba mbili ikatoa mlio, ikakata umeme, ikatulia. Mwendeshaji wa zamu, Lonnie Pruitt, rafiki wa Delbert na mwenzake kwenye timu ya mchezo wa kuviringisha tufe, akashuka ngazi mbiombio akaing'oa kwa mikono. Maji yakaingia kwa wakati. Misuli ya bega la Lonnie ikachanika.

Delbert alimkuta hospitalini, mkono umefungwa kifuani.

"Valvu yako ina kichwa kigumu kama wewe," Lonnie akasema. "Uliiweka ngapi?"

"Sita."

"Sita zako au za kitabu?"

"Za kitabu."

Lonnie akageukia ukutani. Delbert angependelea kutukanwa.

Siku ya tatu Haldane alimletea karatasi iliyokwisha kupigwa taipu: fundi hakuifunga valvu mpaka mwisho kabla ya kuhesabu. Akitia sahihi, atakaa nyumbani wiki mbili, kisha arudi kazini. Mwongozo utahesabiwa hauna kosa. Alimpa mpaka asubuhi.

Jioni mkewe Arlene alipakua nyama ya kuoka na viazi vya kuponda. Delbert akamweleza yote, hata zile sita za uongo.

"Tia sahihi," Arlene akasema. "Umebakiza miaka mitatu ustaafu."

"Na zile valvu nyingine sita? Zitakwama vilevile."

"Zina wenyewe."

"Lonnie amebaki na bega moja, Arlene."

"Na mimi nina mume mmoja! Kula, chakula kinapoa."

Hakula. Asubuhi alikataa karatasi ya Haldane akaomba nyingine isiyoandikwa kitu. Akaandika kwamba kitabu kina kosa, kwamba yeye alilijua, na kwamba kwa miaka kumi na moja aliweka kumi akaandika sita. Hakumtaja fundi mwingine yeyote. Kabla ya saa sita mchana alikuwa nje ya geti bila kitambulisho, amebeba kisanduku chake cha chakula. Mafundi wenzake walipoulizwa, mmoja baada ya mwingine, waliapa kwamba wao walifuata kitabu siku zote. Hakuna aliyempigia simu. Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda angalau hakai nawe meza moja miaka kumi na tisa.

Valvu zile sita zikawekwa upya ndani ya siku tisa.

Novemba, msimu wa kuwinda kulungu, Lonnie alikuja bila bunduki. Bega halikuiweza tena. Walikaa jikoni na kahawa. Akatoa mfukoni ukurasa uliokunjwa, wa mwongozo mpya.

"Soma hapo katikati," akasema.

Delbert akavaa miwani. Iliandikwa: fundi aweke kidole gumba kwenye fimbo, asianze kuhesabu mpaka asikie inasogea. Chini, palipoandikwa mtayarishaji, palikuwa na jina la Craig Haldane.

"Wamempa na cheti," Lonnie akasema. "Kimetundikwa pale mapokezi. Lakini Del, ona, mpaka kidole wamekiandika!"

"Wameandika ni cha nani?"

Lonnie akainamia kikombe chake. Arlene, aliyekuwa akiosha vyombo, akafunga maji ili asikie jibu.