Bashi Chini, Mwavuli Juu

Mwezi uliopita, sokoni Kasongo, nilikuwa nangoja suruali yangu kwa fundi cherehani. Akaingia mama muuguzi, yule anayepeleka dawa hadi kule Wamaza kwa miguu. Alitaka begi la mgongoni, la kitambaa cha mwavuli.

Fundi akacheka. "Mama, hiyo itapasuka. Turubai, bashi, ndiyo iko nguvu."

"Iko nguvu, lakini iko nzito. Nikibeba uzito wa begi, dawa zinabaki hapa."

Akachukua chaki, akachora mwenyewe: bashi chini na kwenye mikanda, mahali panaposuguliwa, mwavuli kwingine kote. Fundi akashona huku akitikisa kichwa. Alipomaliza akalijaza mawe, akalitundika msumarini, akalivuta kwa mikono miwili.

Msumari ukang'oka. Begi halikuachia hata uzi. Akina mama wa meza za jirani wakapiga vigelegele.

Juzi nimekutana na muuguzi akirudi, matope hadi magotini, anacheka.

"Baba, safari hii dawa zote zimefika!"

Na fundi? Siku hizi ukimwagiza begi, hagusi mkasi kabla ya kukuuliza unakwenda nalo wapi.