Yakobo Mwenye Watoto Kumi na Mmoja

Hata leo, nikisikia bidoni tupu zikigongana barabarani kabla jua halijatoka, mdomo wangu unaanza kutafuta mstari wa kusoma. Wengine wakisikia sauti ile wanafikiria maji. Mimi nafikiria kitabu cha Mwanzo, moshi wa makaa, na bomba la mtaa wa Mapendo, ambako foleni ilikuwa nyingi kuliko maji yenyewe.

Tulikuwa watatu. Jonasi, mtoto wa fundi cherehani, alikuwa na sauti ya mbuzi anayevutwa kwa kamba. Furaha aliishi na bibi yake nyuma ya nyumba yetu. Walikuwa wametoka Masisi wao wawili tu. Papa yake, alituambia, alibaki kule kuangalia ng'ombe, nasi hatukuuliza zaidi. Mtoto wa Goma anajifunza mapema maswali ya kuacha. Wa tatu ni mimi, Zawadi. Biblia ilikuwa ya bibi ya Furaha, ambaye macho yake yalikuwa yamekataa herufi ndogo.

Tulianza kusoma kwa sababu foleni ilichosha. Sura moja kila asubuhi, kwa zamu, Biblia juu ya bidoni. Atakayekosa bila kuugua angewabebea wenzake maji mpaka nyumbani. Sheria hiyo ilitusaidia kuliko imani. Kuna asubuhi za mvua nilizoamka si kwa kumpenda Mungu, ila kwa kuogopa bidoni ya Jonasi.

Lakini mimi nilikuwa na biashara yangu ya pembeni. Papa alikuwa akinunua maharagwe Kalengera na kuyaleta Goma juu ya lori, na barabara ile ilikuwa ikifungwa na kufunguliwa bila mtu kuambiwa. Basi nilipatana na Mungu. Nilianza chini, kama Mama alivyonifundisha sokoni: mimi mistari michache, Wewe unamrudisha Papa. Aliporudi salama, niliona bei imekubaliwa. Safari iliyofuata nikatoa sura nzima, na afya ya mdogo wangu nikaiomba kama matabishi, ile nyongeza ambayo muuzaji mwema anatupia juu ya kipimo bila kununa. Sura yenyewe ilikuwa ileile ya foleni. Niliihesabu mara mbili: mara moja kwa wenzangu, mara moja kwa Mungu.

Halafu Papa akaenda, na lori likarudi bila yeye. Dereva alisema risasi zililia njiani, kila mtu akakimbilia upande wake. Simu ya Papa haikuita. Mama aliacha kwenda sokoni, akawa anakaa kando ya jiko lisilo na moto. Mimi niliendelea kusoma kwa siku kadhaa, kwa bidii ya mtu aliyelipa na hajapewa mzigo wake. Kisha nikaacha.

"Zawadi, amuka! Bomba imefunguka!" Jonasi aliita nje ya ukuta wetu wa mbao.

"Siendi. Mumwambie Mungu kontra yangu na yeye imevunjika. Mimi nililipa."

Kisha sauti ya Furaha: "Kontra gani? Miye sina kontra na yeye."

"Basi usome weye."

"Tutasomea hapa hapa. Jonasi, weka bidoni, kaa."

Na kweli wakakaa. Asubuhi baada ya asubuhi walisoma midomo yao ikiwa karibu na nyufa za mbao, nami nimejifunika kitenge mpaka kichwani. Wakafika pale watoto wa Yakobo wanapotajwa, kila mmoja chini ya mama yake. Jonasi aliwasoma polepole kama karani anayeita watu dirishani, mpaka wa mwisho. Chini ya kitenge nilikuwa nimehesabu bila kutaka. Nikahesabu tena.

"Munamuibia muzee Yakobo!" nilipiga kelele. "Ana watoto kumi na mbili, munamupa kumi na moja! Naftali iko wapi?"

"Hayuko humu," Jonasi alisema.

"Yuko! Anafuata Dani!"

"Toka uonyeshe. Mutu wa kulala, atajua hesabu gani?"

Nilitoka na hasira, nywele zimesimama, nikaweka kidole juu ya jina. Furaha hakucheka. Alisogea, akanipa nafasi juu ya bidoni.

"Sasa umetoka," alisema. "Maliza sura."

Mistari iliyobaki ilikuwa michache, lakini humo Yakobo anafika nyumbani kwa baba yake, na hapo nikamsukumia Jonasi kitabu. Jonasi akaimalizia kwa ile sauti yake ya mbuzi, na hakuruka kitu. Nilikuwa mtu mzima aliponiambia kwamba Naftali walimwacha makusudi. Walijua siwezi kulala mtu akipunjwa.

Kesho yake nilikuwa kwenye foleni. Mkataba sikuwa nao tena. Nilikuwa na hofu tu, na wao wawili.

Papa alirudi baadaye, kwa miguu, amekonda, bila hata kopo moja la maharagwe. Mama alimpiga kifuani kwanza, ndipo akamkumbatia. Jonasi alikimbia mtaa mzima akipiga kelele. Furaha alisimama mlangoni mpaka Papa akamaliza kunywa maji.

"Papa," alisema, "kule ulikopita, hukukutana na papa yangu? Anaitwa Gasigwa. Ni mutu murefu, anachechemea kidogo."

"Mulimuacha wapi, mutoto wangu?"

"Masisi. Ni siku mingi."

Masisi na Kalengera haziko barabara moja, na Furaha alijua. Papa alitikisa kichwa. "Sikumuona."

"Sawa, Papa. Karibu nyumbani." Akachukua bidoni yake, akaenda.

Siku ile niliona ni swali la mtoto tu. Nilikuwa tayari na watoto wangu nilipoelewa nani alikuwa amekaa nje ya ukuta wetu zile asubuhi zote. Mimi niligoma kusoma kwa sababu papa wangu amechelewa. Yeye wa kwake alikuwa amekawia kuliko wangu, lakini alikuja, akafungua kitabu, akasoma ili wangu arudi.

Sasa Furaha anaishi upande wa Lac Vert, nasi tunasoma kwa simu kabla sijapanga vitenge vyangu sokoni. Jonasi naye anaingia, akiwa na salio. Gasigwa hajarudi. Tukimaliza sura, kila mmoja anaomba. Mimi ninamtaja Gasigwa kwanza, ndipo ninawataja wa kwangu.