Uzi wa Nne wa Mzee

Mpaka leo hasira haijanitoka. Mzee aliyenifundisha gitaa, ambaye kila Mkongo anayepiga blues Johannesburg hii ameiga vidole vyake, alitoa uzi wa nne akafunga mwingine mwembamba mahali pake. Ndiyo maana gitaa lake moja lilisikika kama mawili.

Alipofariki, kamati ya kumbukumbu ililipeleka duka moja la Randburg ili lipendeze jukwaani usiku wa kumkumbuka, ambapo mimi ndiye ningelipiga. Fundi akaling'arisha, akauona ule uzi, akadhani umekosewa, akafunga wa kawaida. Hakuna aliyeniuliza. Hata mjane wake hakuulizwa.

Niligundua nikiwa jukwaani, watu wameshakaa kimya kunisubiri. Nikamwinamia mwenyekiti wa kamati nikamwambia huu si uzi wa mzee. Akanipigapiga begani. "Eish, kaka, lilikuwa bovu, tumelitengeneza. Wewe piga tu."

Nikapiga wimbo alioupenda kuliko nyimbo zake zote. Ukatoka kama wa mtu yeyote. Wanafunzi wake wote walikuwepo ukumbini, na ndio waliotangulia kusimama, wakipiga makofi, wakisema wamemsikia mzee mwenyewe.