Kocha Asiye na Beleshi

Torgeir Nesvold alicheza mpira miaka kumi na tisa katika timu nane, na hakuna iliyokaa naye zaidi ya misimu mitatu. Beki wa kulia, si mbaya, si wa kukumbukwa. Alipokuja kufundisha klabu yetu hapa Skarvika alikuwa na goti bovu na begi la viatu ambalo halikutoka garini mwake. Begi hilo tuliliona wote. Mwenye nia ya kukaa hushusha mizigo.

Kwetu Jumamosi za Machi ni za msaragambo: wote pamoja tunazoa theluji uwanjani. Unasoma jina lako kwenye orodha ukutani, unakuja na beleshi lako. Asiyeandikwa hajipeleki. Jumamosi ya kwanza Torgeir hakuonekana, kama mwaka uliotangulia. Ya pili, Gunnvor, mpika kahawa wetu, alimwona akishuka kwenye kivuko kutoka Hamnes, ng'ambo ya ghuba, kwa mahasimu wetu.

"Si niliwaambia?" akasema. "Huyo ndege wa kupita. Keshapata tawi jingine."

"Basi tumfukuze kabla hajatukimbia," akajibu Asbjørn, mwenyekiti.

Mimi, katibu, niliunga mkono. Jumatatu tukamwita.

"Kocha, ulifuata nini Hamnes?"

"Kazi." Hakupepesa macho. "Wanataka jibu Ijumaa."

"Haya, mmesikia wenyewe!" Gunnvor akapiga meza.

"Mmenifukuza ninyi kwanza. Timu nane, mama! Dalili nazijua. Jina lako linatoweka ukutani, kisha unaitwa ofisini." Akaonyesha orodha ya msaragambo. "Mwaka wa pili huu simo. Na mimi nilitaka kuzeekea hapa."

Niliitazama. Orodha ile huwa nainakili mimi kila mwaka kutoka ya zamani, bila kufikiri. Marehemu wawili walikuwemo. Yeye hakuwemo. Uvivu wangu tulikuwa tumeuita usaliti wake.

Nikachukua kalamu, nikamwandika mbele yao. Hakushukuru. Alisoma jina lake mara mbili, kama anayekagua noti bandia, akaondoka.

Ijumaa ikapita kimya. Jumamosi, saa tatu asubuhi, alifika na beleshi jipya, akazoa hadi adhuhuri akichechemea. Begi lake lilining'inia kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

"Kulitundika si hoja," Gunnvor akaninong'oneza. "Kilichotundikwa hutunguliwa."

"Gunnvor," nikamwambia, "beleshi lako liko wapi?"