Masafa na Dawa ya Barabarani

Watu walimwita Masafa, na jina hilo alilitolea jasho. Kwa miaka ishirini na miwili alibeba vifurushi kwa baiskeli kati ya mji wake na miji jirani: vipuri, vitabu vya shule, vitambaa vya mafundi cherehani. Kila mwaka aliingia mashindano ya kilomita mia mbili, ambako vijana wenye nusu ya umri wake waliishia kuuona mgongo wake tu. Alikuwa mkavu kama ukuni, na moyo wake ulipiga taratibu kiasi kwamba wenzake walimtania: siku ukifa, bwana, itabidi tungoje nusu saa ndipo tuamini.

Barabara ilimfundisha somo moja, na somo lenyewe lilikuwa la kweli. Mwendeshaji wa safari ndefu asipokula vya kutosha, nguvu humtoka ghafla. Macho huona ukungu, mikono hutetemeka. Wenyewe huita hali hiyo kuishiwa. Dawa yake ni maji yenye asali na chumvi kidogo. Baada ya robo saa, mtu aliyekuwa amebwagika kando ya lami kama gunia huinuka na kukanyaga pedali. Masafa alikuwa ameinuka hivyo mara nyingi. Kosa lake lilikuwa kuamini kwamba kila udhaifu wa mwanadamu ni ule ule.

Imani hiyo haikuota hewani. Zahanati ya mji ule iliimwagilia maji. Mke wake, fundi cherehani, alikwenda huko mara nne kwa maumivu ya tumbo, na mara zote nne alipewa vidonge vile vile vyeupe na mtu ambaye hakuinua hata macho kumtazama. Basi alipotokea bwana mmoja aliyejiita Mwalimu, akakodi ukumbi wa chama cha waendesha baiskeli kila Jumamosi ili afundishe afya ya familia kwa njia za asili, Masafa alikuwa miongoni mwa wasikilizaji wa kwanza. Haki isemwe: mengi aliyofundisha bwana yule yalikuwa mema. Kuleni mboga, tembeeni, laleni mapema, acheni soda. Lakini alichanganya chuya na mchele, na chuya yenyewe ilikuwa sentensi aliyofungia kila somo: "Mwili haukosei. Hospitali ndiyo inayokosea."

Tangu hapo hakikuingia kidonge katika nyumba ile ya vyumba viwili. Cherehani ilikaa dirishani. Ukutani zilitundikwa baiskeli mbili, moja ya baba na moja ya kitindamimba wao, binti wa miaka kumi na miwili aliyekuwa mboni ya jicho la baba yake. Binti alikuwa akijiandaa kwa mashindano ya watoto ya kilomita arobaini.

Katikati ya mazoezi akaanza kukonda. Alikunywa maji mtungi mzima na bado akalalamika.

"Baba, kiu haiishi."

"Ndiyo mazoezi hayo, mwanangu. Bingwa hunywa."

Masafa alifurahi, akamwambia mkewe, "Unaona? Mwili unajichonga."

"Unajichonga au unakwisha?" mkewe akajibu bila kuondoa mguu kwenye cherehani. "Sketi yake ya shule nimeipunguza mara mbili ndani ya wiki tatu."

"Mama watoto, wewe unajua nguo, mimi najua miguu."

"Haya, bwana miguu. Na sisimizi je? Wamejipanga kwenye ndoo yake ya haja ndogo kama walioitwa kula."

Masafa akacheka. "Basi asali ninayompa ni safi. Hata wadudu wana akili."

Mkewe hakucheka. Wazee walijua maana ya sisimizi hao kabla hazijajengwa hospitali. Asili ile ile iliyohubiriwa ukumbini ilikuwa inapiga kelele ndani ya ndoo, na hakuna aliyeisikiliza.

Wiki iliyofuata binti alitetemeka kwenye kilima kidogo, akashuka, akakaa chini. Baba alitambua mara moja: ameishiwa. Vijiko viwili vya asali vikawa vitano. Hivyo ndivyo mtoto mwenye kisukari alivyonyweshwa utamu, asubuhi na jioni, na mtu aliyempenda kuliko roho yake. Mama alitaka kumpeleka zahanati. Masafa alikwenda kwanza kwa Mwalimu, naye akamwambia kwamba hizo ni sumu zinatoka.

"Nipe wiki moja tu," Masafa akamwomba mkewe. Mkewe akampa, jambo ambalo mwanamke huyo hajajisamehe.

Siku ya sita, saa tatu asubuhi, binti alitapika, kisha akaanza kuhema kama anayepanda mlima, ilhali amelala kitandani.

"Leo sikuombi ruhusa," mama akasema, akambeba.

Muuguzi wa zahanati alimwinamia mtoto, akainuka haraka. "Pumzi yake inanuka matunda yaliyovunda. Hii ni sukari, na imepanda sana."

"Basi mpimeni," Masafa akasema.

"Kwa kitu gani, baba? Mashine ile pale mezani. Vijiti vyake vya kupimia damu viliisha mwezi wa nne. Na dawa yenyewe ya sindano hatuna."

"Gari la wagonjwa?"

"Limempeleka mkubwa semina."

Semina ile, kama muuguzi alivyoeleza kwa aibu, ilihusu kuboresha huduma za afya. Watu hao hao ndio wanaoshangaa wananchi wanapoikimbia zahanati na kuwakimbilia wauza maneno. Hospitali ilikuwa umbali wa kilomita thelathini na nane, na basi la kwanza liliondoka saa saba mchana.

Masafa alimfunga binti mgongoni kwa shuka, akapanda baiskeli. Mama akabaki kungoja basi.

Mwanzoni binti alikuwa akizungumza. "Baba, tumefika wapi?"

"Nusu, mwanangu."

Haikuwa nusu. Alipouliza tena hawakuwa wamefika nusu bado, na baba akajibu, "Tunamalizia." Hakuuliza mara ya tatu. Kwenye barabara ya changarawe yenye vilima viwili, Masafa alitumia saa moja na dakika ishirini, mwendo ambao hakuwahi kuufikia katika mashindano yoyote. Alipofika mlangoni mwa hospitali, yeye mwenyewe alikuwa angali na nguvu za kurudi.

Madaktari walifanya yote. Mama alifika kwa basi, akawahi kumshika mkono. Saa kumi alasiri binti akakata roho.

Masafa alimwuliza daktari kama asali ndiyo iliyomuua. "Haikumsaidia," daktari akasema. "Lakini kilichomuua zaidi ni kuchelewa. Angefika wiki mbili zilizopita, angekuwa anakwenda shule na sindano yake mfukoni."

Mwalimu alikuja kutoa pole, akakaa, akakohoa kidogo. "Mwili ulichelewa kujisafisha, ndugu yangu."

"Mwalimu," Masafa akauliza kwa sauti ya chini, "wanao wakiugua, huwa unawapeleka wapi?"

Mwalimu akatazama viatu vyake. "Kila nyumba ina mambo yake," akasema, akaaga.

Jumamosi zote baada ya hapo Masafa alisimama kwenye lango la ukumbi, akimweleza kila anayeingia yaliyompata binti yake. Watu walimpiga begani: pole, bwana, uchungu huo. Mmoja akapaza sauti, kana kwamba angali juu ya baiskeli, "Masafa, shuka basi, ulishafika!" na wenzake wakacheka kwa kuficha midomo. Ukumbi ulijaa kuliko zamani. Nyumbani mkewe alishona kimya. Hakumlaumu, wala hakumsemesha.

Jumamosi moja akapita mwanamke na mtoto wa kike, naye mtoto alikuwa akinywa maji kwenye chupa bila kupumua.

"Dada, huyu anakunywa hivi tangu lini?"

"Jua lote hili, nani hanywi?"

"Mpime sukari. Nakuomba, mpime leo hii."

Mwanamke akamtazama usoni, kisha akamtazama mtoto. Kwa mara ya kwanza langoni pale, mtu alikuwa amemsikia.

"Nimpime wapi, baba?"

Zahanati ilikuwa hatua mia tatu kutoka walipokuwa, mlango wazi, mashine mezani. Vijiti vilikuwa havijaletwa.

"Kuna hospitali," Masafa akaanza, "kilomita thelathini na..."

Mwanamke alikuwa amekwisha kumshika mtoto mkono. Wakaingia ukumbini.